Kanda Ipi, Mkono wa Nani? Kupima CD za Albamu za Zamani

Jumapili moja ya mwezi wa nane, majira ambayo upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, nilimketisha mpwa wangu mbele ya spika sebuleni kwangu Nkuhungu nikamwomba asikilize CD mbili. Zote zilikuwa za albamu moja ya rege ya miaka ya 1970. Ya kwanza ilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ya pili ilitoka baada ya mwaka 2000 ikiwa na kibandiko kinachotangaza kwamba sauti imesafishwa upya. Sikumwambia ipi ni ipi, naye hakufikisha hata dakika mbili. "Mjomba, hii ya pili ndiyo yenyewe," alisema. "Ile ya kwanza imepoa." Nikainuka, nikaipunguza sauti ya ile ya pili kwenye ampilifaya hadi kipimo nilichokiweka kwenye simu kikaonyesha kwamba zote mbili zinalingana, kisha nikazirudia kwa mpangilio mwingine. Safari hii alinyamaza muda mrefu, akainamisha kichwa, akachagua ya kwanza. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba humo ngoma zinapiga halafu zinaondoka, ilhali katika ile nyingine zinapiga na kubaki zimesimama mlangoni.

Nimesoma maelezo mengi ya wahandisi wa sauti kuhusu jambo hilo, na sikumbuki lililolieleza vizuri kuliko kijana huyo ambaye kazi yake ni kuendesha bajaji. Hoja yangu katika makala haya inaanzia hapo: tarehe ya toleo na maneno ya kibandiko hayamwambii mnunuzi chochote cha kutegemewa kuhusu ubora wa sauti, na anayetaka kujua CD ipi ni bora hana budi kuuliza maswali mawili, yaani ilitengenezwa kutoka kanda ipi ya studio, na aliyeketi mbele ya mitambo aliifanyia nini kanda hiyo.

Tuitoe kwanza CD yenyewe katika orodha ya washtakiwa. Sony na Philips waliiingiza sokoni nchini Japani mwezi Oktoba 1982, na tangu siku hiyo vipimo vyake havijabadilika: sampuli 44,100 (yaani vipimo vya wimbi la sauti) katika kila sekunde kwa kila upande wa stereo, na biti 16, yaani tarakimu za sifuri na moja, katika kila sampuli. Vipimo hivyo vinatosha kubeba masafa hadi karibu hezi 20,000, ambao ndio mpaka wa sikio la kijana mwenye afya (langu lilikwishauaga mpaka huo zamani), pamoja na nafasi ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kimya na kishindo. Santuri iliyo nzuri sana inahangaika kufikia desibeli 70. Kwa hiyo CD iliyochapishwa mwaka 1985 na iliyochapishwa mwaka huu ni chombo kilekile chenye ujazo uleule, na tofauti yoyote tunayoisikia baina yao ilitiwa kabla ya kiwanda kuanza kazi.

Tofauti inayosikika upesi kuliko zote ni ukubwa wa sauti, nayo ndiyo inayodanganya wengi. Katika CD kuna dari ambalo sauti haiwezi kulivuka. Fundi anayetaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa jirani hawezi kulisogeza dari, kwa hiyo huvikata vilele vya sauti, yaani mapigo ya ngoma, mshindo wa tarumbeta na herufi kali za mwimbaji, kisha huinua kila kilichobaki mpaka kiguse dari. Katika miaka ya 1990 ilipatikana mitambo ya kidijitali yenye uwezo wa kukiona kilele kabla hakijafika na kukibana kwa wakati, na hapo ndipo kampuni zilipoanza kushindana. Ilifika mwaka 2008 mashabiki wa kundi la Metallica wakagundua kwamba nyimbo za albamu yao mpya zilisikika zikiwa na pumzi zaidi ndani ya mchezo wa video kuliko kwenye CD waliyoinunua dukani, kwa sababu nyimbo zilizopelekwa kwenye mchezo hazikuwa zimepitishwa katika ubanaji ule wa mwisho.

Sikio la binadamu nalo ni shahidi asiyeaminika katika kesi hii. Tangu mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi na trebo kabla ya kupoteza sauti za katikati. Sauti inapopanda, besi hurejea na trebo hung'aa, na msikilizaji hudhani kwamba ametajirishwa muziki wakati ameongezewa ukubwa tu. Mpwa wangu hakuwa na kosa lolote. Ninakiri pia kwamba ndani ya daladala yenye injini inayonguruma na kondakta anayegonga bodi, toleo lililobanwa lina faida yake, kwa sababu lile lenye pumzi humezwa na kelele na abiria akabaki kusikia vilele pekee. Lakini albamu ya dakika arobaini iliyobanwa namna hiyo, ikichezwa usiku sebuleni, humchosha msikilizaji ikiwa bado katikati, na mara nyingi hajui kilichomchosha.

Suala la kanda ni zito zaidi, na ndilo ambalo wauzaji hulizungumza kwa nadra. Albamu ya zamani haina kanda moja. Ipo ile ya kwanza iliyochanganyiwa sauti studioni, zipo nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya kukatia santuri, na zipo nakala za nakala zilizotumwa kwenye matawi ya nchi nyingine. Nakala ya kukatia santuri ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili ifae kwa santuri: besi imepunguzwa ili sindano isiruke na mifereji isiingiliane, na trebo imechezewa kwa kadiri ya uwezo wa mashine. CD zilipoanza kupendwa katikati ya miaka ya 1980, kampuni nyingi zilikuwa na haraka, na mtu aliyetumwa ghalani alichukua kanda iliyokuwa karibu na mkono wake. Matokeo yake zilitoka CD zenye sauti nyembamba na kavu, na lawama akabebeshwa mgeni: watu wakasema kwamba dijitali ni baridi, kumbe masikioni mwao ilikuwa inafika kanda iliyopunguzwa besi kwa sababu ya sindano ambayo haikuwapo tena.

Lakini katika miaka hiyohiyo palikuwa na mafundi waliopata kanda ya kwanza ikiwa bado na afya, wakaipiga moja kwa moja bila kubana chochote, na CD zao ndizo wanazozitafuta wakusanyaji wa muziki leo kwa bei inayowashangaza wauzaji wa mitumba. Tukumbuke kwamba kanda huzeeka. Kanda nyingi za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa gundi inayofyonza unyevu, ikanata, na haziwezi kuchezwa kabla hazijaokwa kwa saa kadhaa katika joto dogo. Toleo la mwaka 1986 linaweza kuwa limetoka katika kanda ileile iliyozaa toleo la mwaka 2016, isipokuwa kwamba la pili liliikuta ikiwa na umri wa miaka thelathini zaidi.

Mfano wa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, unaonyesha upande wa pili wa shilingi. Albamu yake ya Kind of Blue ilirekodiwa New York katika siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Katika kikao cha kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo kanda yake ilipochezwa kwa mwendo sahihi, nyimbo tatu za kwanza zilipanda juu ya tuni yake halisi. Watu walinunua santuri hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, wanafunzi wa muziki wakajifunza nayo huku wakishangaa mbona ala zao hazikubaliani nayo. Marekebisho yalifanyika katika toleo la mwaka 1992, na toleo la kawaida la mwaka 1997 likayafuata, kwa kutumia kanda ya akiba iliyorekodiwa na mashine nyingine iliyokuwa na mwendo mzuri. Hapa toleo jipya limeshinda bila ubishi, na halikushinda kwa ung'arishaji. Mtu alikwenda ghalani akachukua kanda nyingine.

Kuhusu Beatles, bendi ya Uingereza, nitasema machache kwa kuwa wamekwisha kuandikwa vya kutosha. CD zao za mwaka 1987 zilidumu sokoni kwa miaka ishirini na mbili hadi Septemba 2009, timu ya studio ya Abbey Road ya London ilipotoa matoleo mapya baada ya kazi ya miaka minne. Yapo mambo mawili ninayoyaheshimu katika kazi hiyo. Sanduku la CD za mono, yaani sauti ya upande mmoja, halikubanwa, ilhali yale ya stereo yalibanwa kwa kiasi. Na katika dakika 525 za muziki, usafishaji wa kelele za kanda ulitumika katika dakika zisizofika tano. Waliobaki na subira ya kuiacha kanda ivume kwa dakika 520 walijua wanachokifanya.

Kelele ya kanda ni ule mvumo laini wa "shii" unaosikika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Programu ya kuuondoa hupewa kipande cha mvumo mtupu ili iujifunze, kisha hupita katika wimbo mzima ikifuta kila kinachofanana nao mara sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani. Tatizo ni kwamba mkia wa kila noti, pale gitaa linapofifia na mwangwi wa chumba unapomalizikia, nao hushuka hadi kiwango hichohicho. Programu hufuta vyote. Kinachobaki ni noti zisizo na mikia, na mahali pa mikia huja mnong'ono wa majimaji kama redio iliyotumbukia kisimani.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kuihofia programu hiyo. Ilimba ya Wagogo, kwa wale ambao hawajawahi kuishika, ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma, na zile kubwa zina vijiti makumi kadhaa, vingine vikiwa havipigwi kabisa bali hutetemeka vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Katika sanduku hilo hutobolewa tundu, na tundu hufunikwa kwa utando wa buibui. Utando huo hulia kila kijiti kinapopigwa, ukatoa mvumo kama wa nyuki juu ya noti. Mvumo huo ni sehemu ya ala. Mtengenezaji huutafuta, huubadilisha utando ukichanika, na mpigaji huikataa ilimba isiyovuma. Nimekaa hatua mbili kutoka kwa wapigaji katika tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, na ninaweza kusema kwamba kwa umbali huo mvumo hujaza sikio kuliko noti zenyewe.

Sasa mpe kanda ya namna hiyo fundi wa mbali ambaye hajawahi kuiona ala. Atasikia "zzz" juu ya kila noti na atafanya kazi aliyofundishwa. Ninazo nakala mbili za rekodi moja ya zamani ya ilimba na zeze. Katika moja mvumo umeachwa pamoja na kelele za kanda, na katika nyingine kila noti inaanza na nyuki kisha nyuki anazibwa mdomo ghafla, noti baada ya noti, kwa dakika nne. Aliyeisafisha bila shaka aliridhika. Rekodi za Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003, zimenusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu zilizo maarufu zilirekodiwa kwa maikrofoni nzuri tangu mwanzo: Chibite ya mwaka 1996 iliyotolewa na kampuni ya Real World ina mvumo kamili, nami huitumia kama rula ya kupimia spika za watu. Spika isiyoweza kuutenganisha utando wa buibui na chuma chake sina haja nayo.

Kwa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zetu zilikuwa na njia mbili. Ziliingia katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wakapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kanda ikabaki kuwa mali ya redio. Au santuri zao zilichapwa Nairobi. Si ajabu wimbo mmoja kuwa na rekodi mbili zenye jina lilelile, ya redio na ya santuri, zilizopigwa miezi tofauti na hata wapigaji tofauti. Msikilizaji akizikuta katika CD mbili husema kwamba hii imesafishwa vizuri kuliko ile, kumbe analinganisha maonyesho mawili. Kabla ya kuhukumu sauti, sikiliza kwanza kama solo ni lilelile.

Halafu kuna suala la santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba kama dakika nne au tano, na dansi la kwetu na la Kongo halikubali kumalizika ndani ya muda huo, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: beti na kiitikio upande wa kwanza, magitaa yakiachiwa uwanja upande wa pili. Anayetengeneza CD hulazimika kuamua jinsi ya kuviunga, na pale kwenye kiungo ndipo ninapomfahamu mtu anayeupenda muziki na anayejaza nafasi. Mwingine huacha upande wa kwanza ufifie, kimya cha sekunde tatu kipite, kisha gitaa lianze upya, na wachezaji wabaki wamesimama katikati ya ukumbi. Mwingine huitafuta kanda yenye wimbo mzima. Mwingine, akiikosa, huunganisha santuri kwa ustadi kiasi kwamba kiungo hukipati usipokitegea. Mikusanyo ya Francophonic iliyotolewa na kampuni ya Sterns ya London, wa kwanza mwaka 2008 ukihusu nyimbo za Franco, mpiga gitaa wa Kongo, za 1953 hadi 1980 na wa pili mwaka 2009 ukiendelea hadi 1989, ninavyoisikia mimi imefanya jambo la hekima: nyimbo za miaka ya 1950 zimeachwa zisikike za miaka ya 1950, zikiwa na mikwaruzo yake, wala hazikulazimishwa kufanana na za 1985.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, nianze na aibu yangu. Nilikuwa na CD moja iliyochapwa Japani miaka ya 1980, niliyoipata kwenye meza ya mitumba karibu na soko la Majengo. Niliinakili kwenye kompyuta, nikaweka nyimbo kwenye flashi, nikasikiliza, nikaandika katika daftari langu kwamba trebo yake inakata masikio kama kiwembe. Mwaka mzima ulipita kabla sijaiweka CD yenyewe kwenye deki, na sauti iliyotoka ilikuwa tamu. Baadhi ya CD za wakati huo zilipandishwa trebo kwa makusudi, hadi karibu desibeli 10 kule juu kabisa, zikawekewa alama inayoiamuru deki iishushe wakati wa kucheza. Deki inaisoma alama hiyo. Programu nyingi za kunakilia haziisomi. Nilikuwa nimeihukumu CD kwa kosa la kompyuta yangu.

Jambo jingine ni kuhakikisha kwamba ulicho nacho ni CD kweli. Diski nyingi zilizochomwa vibandani zilitengenezwa kutoka mafaili ya MP3, na MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde imetupa zaidi ya tisa ya kumi ya data za CD, ambayo huhitaji kilobiti 1,411. Kuichoma tena kwenye diski hakurudishi kilichotupwa. Programu ya bure kama Audacity itakuchorea masafa ya wimbo, na ukiona mchoro umekatwa kama kwa msumeno karibu na hezi 16,000, usijisumbue kulinganisha. Baada ya hapo sawazisha ukubwa kwa kupima wastani wa kiitikio kilekile katika matoleo yote mawili, mwombe mtu mwingine abadilishe diski bila kukuambia, na sikiliza mwisho wa noti kuliko mwanzo wake. Na ufute vumbi, kuanzia katikati kwenda nje, usizungushe kitambaa.

Baada ya yote hayo bado nina kesi moja ambayo sijaimaliza. Ni wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, mtu wa Morogoro aliyefariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, ambao ninao katika CD mbili. Moja imetoka katika santuri: ina mikwaruzo, upande wa pili umeunganishwa kwa mkono mzito, lakini gitaa la besi lina mwili na linatembea chumbani. Nyingine, nionavyo, imetoka katika kanda: ni safi, solo lina hewa pande zote, ila imefifishwa mapema, na dakika nzima ya mwisho, pale Mbaraka anapoacha kuimba na kulibana gitaa mpaka liombe radhi, haimo. Mpwa wangu anasema nichukue mwisho wa ile niuunge kwenye hii. Nimejaribu mara mbili. Tuni hazilingani, mojawapo ya mashine, ya Nairobi au ya aliyeinakili, ilikuwa inakimbia, na sijui niishushe ipi.